Nilivyojua lini nitishe na karata zisizoiva

Miezi kadhaa, pokeri yetu ya Jumamosi hapa Milimani, Kisumu, ilinila mpaka nauli ya boda. Nikiwa na kopa 4 nangoja ya 5 inipe mkono mkubwa, natupa dau kubwa kuwatisha watupe karata. Wananifuata, kopa haiji.

Nilipunguza dau, wakafuata zaidi. Nikaacha kutisha kabisa. Kopa ikaja, wote wakatupa karata.

Dawa ilikuwa hesabu. Kopa zilizobaki ni 9. Karata 2 za mezani zikiwa hazijafunuliwa, nafasi ni kama asilimia 35. Ikibaki 1, haifiki 20. Nikiweka 500 kwenye chungu (pesa za katikati ya meza) cha 1,000, wakikimbia, yaani wakitupa karata, mara 1 kati ya 3 sipotezi, hata kopa isipokuja kamwe. Kumbe swali ni moja: huyu hukimbia? Jirani yangu wa vipuri hatupi jozi, hata ya 2! Kwake nangoja, tena kwa bei nafuu. Mwalimu naye, akigonga meza kupita bila dau kisha akaishika glasi yake ya soda, ameshakata tamaa na karata zake. Huyo namtisha, tukiwa wawili tu, na kwa kopa ndogo. Nikishika ree, karata kubwa kuliko zote, nafuata tu, maana yenyewe yaweza kushinda.

Jumamosi iliyopita nilirudi na boda.