Mwaka huu sikuhesabiwa

Kwa wasiojua, kwetu Tanzania kuna utani kwamba Mchaga ikifika mwezi wa 12 lazima aende Kilimanjaro kuhesabiwa. Mabasi ya Moshi yanajaa, nauli inapanda, nusu ya maduka Dar yanafungwa, wenye maduka wako migombani wanakula nyama. Sasa mimi Krismasi hii nilikuwa Mombasa, Kisauni, ndani ya dera lililolowa jasho, na hesabu imepita bila mimi.

Kinachouma ni kwamba Mombasa wala si mbali. Ukipanda gari asubuhi unapita Voi, Mwatate, Taveta, unagonga muhuri Holili, jioni uko Himo unatafuta usafiri wa kupanda Kilema, ni kama kilomita 300 hivi. Saa ni zilezile, lugha ileile. Binamu yangu anakaa Marekani, Minnesota huko kwenye baridi, kaunganisha ndege mpaka KIA na mabegi yake yote, halafu mimi wa hapa jirani ndio napiga simu kusema siji. Mama akanyamaza kidogo, akauliza, "Hapo Mombasa?" Yaani kwa sauti ile. Ningekuwa Canada angenionea huruma, Mombasa inaonekana kama nimekataa tu kuvuka barabara.

Sababu ni kazi, hakuna kingine. Niko jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni, siitaji jina, na Desemba ndio sizoni, wageni wa Nairobi wanashuka na SGR familia nzima nzima na watoto wameshavaa maboya tangu kwenye lifti, likizo zote zinafungwa. Niliomba tangu Septemba. Supavaiza akasema sawa, tutaona, na "tutaona" ya supavaiza mnaijua. Ratiba ya shifti ilipobandikwa niko usiku wa tarehe 24 kuunganisha mpaka mchana wa 25, ofu ni 26. Niliisoma mara tatu nimesimama pale kama vile ingebadilika.

Usiku huo nimemenya viazi mpaka vidole vikakunjamana. Pale mapokezi wamesimamisha mti wa plastiki wakabandika pamba kwenye matawi eti ndio theluji, huku kaskazi linapuliza joto na feni zinazungusha joto hilohilo. Nikacheka peke yangu. Mimi theluji naiona nikiwa nafagia uwanja, Kibo ikijifunua asubuhi iko pale juu nyeupe, na kwetu hakuna anayeihusisha na Krismasi hata kidogo, Krismasi ni mbuzi na mbege. Na kuna kitu nimekuja kukijua hukuhuku, kwamba yule mmisionari aliyewapelekea Wazungu habari za theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, Johannes Rebmann, alikuwa anakaa Rabai, hapa nyuma tu ya Mombasa. Alikwenda kwa miguu, akaandika alichokiona, na wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Kwa miguu jamani! Mimi na lami yote hii nimeshindwa.

Tarehe 25 nikatoka kazini saa nane mchana. Misa nimeisikilizia kwenye simu ya mlinzi wa getini, Mungu atanisamehe. Nikafika chumbani nikapiga video, kaka akapokea, na ile simu ikaanza kuzunguka kama sahani ya sadaka, shangazi, wajomba, binamu wa Minnesota na koti lake, kila mtu anauliza umekula? joto huko? halafu anampa mwingine. Mara kaka akaitwa kwenye nyama. Akasema subiri kidogo dada, akaiegemeza simu kwenye ndoo, akaondoka.

Akasahau.

Sikukata. Kwa kama dakika 20 hivi nikawa naangalia nyumbani kutokea chini. Nilichokuwa naona ni shina la mgomba, mguu mmoja wa benchi, na miguu ya watu ikipita. Zikapita gambuti za baba, ile ya kushoto ina kiraka cha tyubu nilichombandikia mwenyewe mwaka juzi. Kikapita kiguu cha mtoto kimevaa soksi moja, sijui wa nani, wamezaliwa wengi. Kuku akaja akanidonoa, yaani akaidonoa skrini, jicho lake limejaa simu nzima. Panga linasikika linakata mfupa. Halafu nikamsikia mama anauliza sahani ngapi, shangazi akaanza kuhesabu kwa majina, mmoja mmoja, akafika akasema, "Na huyu wa Mombasa?" Mtu akamjibu wa Mombasa hajaja. Shangazi akasema "Ah," akaendelea na jina linalofuata.

Bando likakatika lenyewe.

Sasa ninakopanga, mwenye nyumba anakaa chini, namwita Bi mkubwa. Siku ya kwanza nilipohamia alinisimamia mlangoni akaniita "Ndoo! Ndoo!" nami nikakimbia nikamletea ndoo. Alicheka mpaka akakaa chini, kumbe Kimvita ndoo ni njoo. Mpaka leo majirani wananiuliza ndoo yangu iko wapi. Basi jioni ile nikamsikia tena kutoka chini, "Mwanangu wafanya nini huko juu pekeyo? Ndoo ule." Yeye ni Mwislamu, hana Krismasi, lakini kapika pilau na kachumbari kwa sababu wapangaji wake wawili ni Wakristo na mmoja, kwa maneno yake, "hana mtu". Nikala. Sikumwambia habari za simu.

Kesho yake nikiwa ofu nikaenda Kongowea kutafuta ndizi. Nilitaka mshare wa mtori, nikaambiwa mshare ni nini, chukua hizi. Nikamuuliza muuzaji zimetoka wapi, akasema Taveta. Taveta! Ukivuka hapo tu ni Holili. Nikanunua nyingi kuliko sufuria yangu, nimezibeba kwenye tuktuk mapajani kama mtoto.

Ukitaka kumenya ndizi mbichi jipake mafuta mikononi kwanza, utomvu haukuachi. Nikachemsha na nyama ya mfupa, nikatoa nyama, nikaziponda, kitunguu, chumvi, nikamshushia Bi mkubwa bakuli la kwanza. Akaonja. Akakaa nalo mdomoni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Tamu," akasema, "lakini yataka nazi."

Nikamwambia Bi mkubwa, mtori hauwekwi nazi, huu kwetu anapewa mzazi akitoka kujifungua apate nguvu.

"Mimi nshazaa zamani. Lete mbuzi."

Basi na mimi Krismasi yangu ikapata mbuzi, ila ya kukunia nazi. Nimeikalia uani pale nakuna, yeye anakamua tui, wajukuu zake wanaiba machicha. Tui zito likamwagwa juu ya mtori wa Kilema na mimi nikiangalia, likachemka mara moja, akaepua. Nilitaka iwe mbaya. Nimekula mabakuli mawili na la tatu nikapanda nalo juu.

Kaka alipiga usiku kuomba msamaha, akaniuliza nimepika nini. Nikamwambia mtori. Akampa mama simu, mama akafurahi sana, akauliza umetoka vizuri? Nikasema umetoka vizuri mama. Ya nazi sijamwambia.