Siku 211 Ubaoni

Ukijitambulisha Dodoma kwamba wewe ni "afisa usalama", watu wananyamaza. Mama wa chapati pale Nkuhungu alikuwa ananiongezea maharage bila kuombwa, mpaka alipogundua kwamba usalama wangu ni wa kofia ngumu na vizima moto, si ule mwingine. Siku hizi naongezewa kwa kulipa.

Cheo kamili ni afisa afya, usalama na mazingira, kituo cha kujazia magari gesi asilia. Vijana wa pampu wananiita Madam Kofia. Nimeizoea.

Saa 10:40 alfajiri. Agosti, baridi inauma, maji ya ndoo nayaoga kwa mahesabu. Bodaboda, daladala, nashuka Nzuguni.

Saa 12:25. Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo, ananipokea kwa "Mbukwenyi!" na kucheka ninavyoitikia. Nachukua chaki. Getini kuna ubao: SIKU BILA AJALI. Nafuta 210, naandika 211. Chini yake yamebandikwa malengo ya mwaka kutoka makao makuu: majeruhi sifuri, uvujaji sifuri, miti 60. Miti 60 tuliipanda kweli, na picha tukapiga. Wiki ya pili mbuzi wa jirani wakaila, ikabaki miarobaini michache. Lengo lilisema kupanda, halikusema kuota, kwa hiyo kwenye ripoti tumefaulu.

Siku 250 zikitimia, kila mfanyakazi anapata mchele kilo 25 na dumu la mafuta ya alizeti. Likumbuke hilo dumu.

Saa 12:40. Kikao cha dakika kumi tukiwa tumesimama. Leo naongelea waya wa athi, ule unaopeleka umeme tuli ardhini kabla haujatoa cheche. Hewa ya Dodoma msimu huu imekauka, na ukivua sweta usiku gizani unasikia linavyotatarika. Cheche ya namna hiyo inatosha kuwasha gesi ikishachanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15. Kijana mmoja anapiga miayo. Namwambia arudie nilichosema, anarudia neno kwa neno, na miayo.

Saa mbili zinazofuata ni kutembea na kipima gesi na chupa ya maji ya sabuni, kila kiungo cha bomba, kila vali. Povu likitulia, sawa. Likichemka, kuna kazi. Leo limetulia.

Saa 3:20. Lori lilitakiwa saa 1.

Niseme kidogo hapa, maana watu wengi wanadhani chini ya kituo chetu kuna bomba. Hakuna. Bomba kubwa lililoanza kazi mwaka 2015 linatoka Mtwara na kuishia Dar es Salaam. Huku kwetu gesi inapandishwa na trela lenye mitungi mirefu, safari ya kilomita 450 hivi. Mgandamizo wa mle ndani ni baa 200 na zaidi. Tairi la gari lako dogo lina baa mbili na kitu. Fanya hesabu mwenyewe.

Dereva ni mtu mzima, umri wa baba yangu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, nifungulie nishushe, foleni nimeiona." Foleni ipo kweli: bajaji, teksi, na Noah mbili zilizojaa abiria ambao kwa utaratibu wetu lazima washuke kabla ya kujaza, na hawataki kushuka kwa sababu ya vumbi.

Nazungushia trela macho kama kawaida. Athi ipo. Vizuizi vya magurudumu vipo. Nashika hozi ya kushushia gesi, naipitisha mkononi taratibu, na karibu na kichwa cha kuungia vidole vinakwama. Nainama. Ganda la nje limesagika, sehemu yenye upana wa kucha ya dole gumba, na ndani yake nyuzi za chuma zinang'aa. Zinang'aa, yaani ni msuguano wa jana au juzi.

Kanuni ni fupi: ukiona waya, hozi haitumiki. Hozi ya akiba iko ghala la Morogoro. Kwa nini akiba ikae Morogoro na hozi ikae Dodoma? Nimeandika barua mbili kuhusu jambo hilo.

"Mwanangu, hii nimeshushia wiki nzima," anasema mzee.

"Naamini, baba. Ndiyo maana imeisha."

Kumkatalia mtu wa umri ule mbele ya vijana si jambo dogo. Alinitazama kama nimepita bila kumwamkia. Nikampeleka kivulini, nikamwagizia chai na maandazi mawili, nikamwambia alale, maana macho yake yalikuwa mekundu kuliko taa ya pampu. Akalala. Kwenye siku nzima, huo ndio uamuzi pekee ambao hakuna aliyenigombeza.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia, nilikuwa naangalia simu tu. Bosi: umeshushwa mzigo? Bado. Bosi tena: mteja kalalamika. Wateja nao: "Dada, sisi tuna hesabu za tajiri." "Sista, wewe mshahara wako unaingia hata tusipojaza." Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Dereva wa bajaji halipwi kwa kusubiri. Hozi imepewa basi la Morogoro, basi limesimama Gairo, basi limesimama Kibaigwa. Mmoja akapiga honi bila kuachia mpaka mlinzi akamfuata na rungu. Mwingine akawasha sigara nje ya uzio, hatua kumi kutoka kwenye trela, akinikazia macho. Nilienda, sikupiga kelele. Nikamwonyesha soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakovuma, ilikoelekea: kwake. Akaizima kwa kiatu, akaniuliza kama nimeolewa.

Jua, vumbi, foleni hadi barabarani. Sikula.

Hozi ilifika saa 8 na nusu hivi. Mzee akaamka, tukaunga, nikapaka sabuni, povu likatulia. Foleni ikaanza kusogea, na vijana wakakimbizana kufidia muda. Niliona wanakimbizana. Niliona na sikusema kitu, maana nilijisikia mdeni wao.

Jioni jioni ndipo nilipoona dogo wa pampu ya pili anampa mteja chenji kwa mkono wa kushoto. Mteja alikuwa mama wa makamo, akasita kuipokea. Yule kijana hana adabu mbovu, amelelewa na bibi yake Kondoa, hawezi kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Toa mkono."

"Kitu kidogo tu, dada."

Kitambaa cha kufutia vioo kilikuwa kimelowa damu. Kichwa cha kuungia kilimbana kidole alipokuwa anaharakisha, kikapasuka pembeni ya kucha. Saa nzima alikuwa anajaza magari hivyo.

"Usiandike, dada. Watu watanichukia. Mchele..." Hakumaliza.

Nilimpeleka zahanati kwa bajaji, na aliyetubeba ni mmoja wa walionitukana asubuhi. Alikataa nauli. Kushonwa nyuzi tatu, mapumziko siku mbili. Njiani nilimweleza: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya kidole kama hiki, lakini jeraha lisiloandikwa popote halina fidia. Kikioza mwezi ujao tutasema uliumia wapi? Aliitikia kwa kichwa, ila nilijua anawaza dumu la mafuta. Hata mimi nililiwaza. Zawadi ile iliwekwa tuwe waangalifu, na imewafundisha watu kuweka mkono mfukoni.

Bosi alipiga nikiwa nje ya zahanati. Akasema jeraha la nyuzi tatu ni huduma ya kwanza, haliingii kwenye hesabu. Nikamjibu daktari kampa siku mbili, linaingia. Kimya. Kisha akauliza kama dogo anaendelea vizuri. Nikampa sifa kimoyomoyo kwa hilo, japo lilichelewa.

Fomu ina kisanduku cha "chanzo cha tukio". Niliandika: haraka baada ya kucheleweshwa kwa saa tano, hozi ya akiba haipo kituoni, afisa usalama aliona watu wanakimbia na hakuwazuia. Mstari wa mwisho niliuandika, nikaufuta, nikauandika tena.

Nilirudi kituoni giza limeingia kuchukua mkoba. Mzee wa trela alikuwa ameshaondoka, kaniachia andazi moja kwa mlinzi, limefungwa kwenye gazeti. Nililila palepale getini, nimesimama mbele ya ubao. Mlinzi akamulika kwa tochi ili nione vizuri, na hakuuliza kitu nilipochukua kitambaa nikafuta zile tarakimu tatu.