Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya pupusa 90

Naishi Langley Park, Maryland, nimepanga chumba cha chini kwa mama mmoja wa El Salvador, na mtaa huu Kihispania utakisikia kabla ya Kiingereza. Mimi mtu wa Tanga. Kazini naingia saa tisa alasiri, nyumba ya wazee, ila Jumamosi asubuhi namsaidia mama kupika pupusa. Kwa asiyezijua, ni kama vichapati vinene vya mahindi vyenye vitu ndani. Na hii Jumamosi ilikuwa balaa maana kesho yake ni Jumapili ya pili ya Novemba, kwao siku ya taifa ya pupusa toka 2005, oda zikafika 90.

Saa 11 alfajiri. Nimepanda jikoni na kanga yangu, macho hayajafunguka vizuri. Mahindi yalichemshwa jana usiku na chokaa yakalala humo humo. Ndiyo, chokaa, ndugu yake ile ya tambuu, bibi yangu angecheka sana. Tunayasugua kwenye maji mpaka maganda yatoke, maji yanakuwa ya njano na vidole vinateleza. Bila chokaa donge halishikani, na hili nimelijua kwa aibu, mwaka jana nilijifanya mjanja nikakanda sembe ya ugali kwa maji ya moto nikijua mahindi ni mahindi tu, kila nikibonyeza kingo zinapasuka, mama akaangalia akasema "ay mija" akazoa zote. Mija ni kama kusema mwanangu. Mimi namwita niña, kwao mama mtu mzima anaitwa hivyo kwa heshima japo neno lenyewe ni msichana, mwanzo nilidhani wanatania.

Saa 1. Kusaga, kile kinu cha mkono kinachofungwa mezani. Bega langu la kulia lina malalamiko yake.

Saa 2 na nusu. Vya ndani. Maharage mekundu yamepondwa yakakaangwa mpaka yakawa mazito, jibini laini limechambuliwa likachanganywa na loroco, vichipukizi vya maua ya mmea wa kutambaa vina harufu ambayo sijaipatia mfano wa kwetu. Kuna na nyama ya nguruwe iliyosagwa kama uji mzito, hiyo mimi sili, mama anajua, kwa hiyo chuma cha kuchomea kikiwa kisafi anaanza na za maharage na jibini halafu ndio hizo. Hajawahi kusahau hata siku moja.

Saa 4 mpaka saa 7. Hapa ndipo kazi. Unalowesha viganja kwa maji yenye mafuta kidogo, unachukua donge la kujaa kiganja, unalitoboa kwa kidole gumba mpaka liwe kama kikombe, unajaza, unafunga mdomo, kile kichembe kinachozidi juu unakinyofoa unarudisha bakulini, kisha unapiga pa pa pa huku unaizungusha mkono hadi mkono. Hakuna kusukuma na mti kama chapati. Zangu tano za kwanza zilitoboka jibini likamwagikia chuma likaungua likawa ganda la kahawia, nikaanza kuomba radhi, kumbe wateja wanaligombania lile ganda! Mama anapiga mbili nikiwa sijamaliza moja, mdomo wake unanisimulia Olocuilta alikozaliwa, huko pupusa ni za unga wa mchele, na anaapa ndizo pupusa za kweli, sasa mbona tunahangaika na mahindi toka alfajiri? Nimeuliza. Hajajibu.

Saa 7 na robo. Kula, kwa mkono, uma na kisu hapa ni kumtukana mpishi. Juu unaweka curtido, kabichi na karoti na kitunguu kwenye siki na oregano, imekaa chupani toka Alhamisi, mimi naiita kachumbari iliyosoma. Nimekula nne.

Saa 8. Oga, basi, kazi. Zamu ni zamu, sina cha kusimulia, ila bibi mmoja ninayemhudumia alinishika mkono akaunusa akauliza umepika nini leo.

Saa 6 kasoro usiku. Nimerudi, miguu imevimba. Mama ameniachia mbili kwenye sahani, nikazipasha kwenye chuma maana maikrowevu inazigeuza raba. Pembeni jikoni sufuria kubwa imeshafunikwa, nikafunua kidogo. Mahindi na chokaa.