Hubert Walter, askofu aliyeifanya serikali itunze kopi

Watu wakizungumzia Uingereza ya miaka ya 1190 wanakimbilia kwa Mfalme Richard na upanga wake, lakini Richard akiwa mfalme hata mwaka mzima hakukaa Uingereza, nchi ilikuwa mikononi mwa Hubert Walter na mimi huyu ndiye ninayempenda.

Alitoka Norfolk, akalelewa kwa Ranulf de Glanvill, mume wa dada ya mama yake, ambaye ndiye alikuwa jaji mkuu (yaani msimamizi wa serikali nzima kwa niaba ya mfalme) wa Henry wa Pili, baba yake Richard, kwa hiyo kazi ya mahakama na hazina aliikuta nyumbani. Kilatini chake wasomi walikicheka, mwandishi Gerald wa Wales hasa hakumwacha apumue. Sawa, ila nchi haiendeshwi kwa Kilatini kizuri.

1189 akawa askofu wa Salisbury, mwaka uliofuata akaenda Vita vya Msalaba, na kule Acre, mji wa pwani ya Palestina, ndo alichangisha kwa wenye nacho ili askari waliokuwa wanakufa njaa wale. Akirudi akasikia Richard kakamatwa, akamfuata mpaka Ujerumani. Fidia ya kumkomboa mfalme ilifika marki 150,000 za fedha (marki ni kipimo cha pesa cha zamani), na Hubert ni mmoja wa waliosimamia ukusanyaji. Ndani ya 1193 hiyo hiyo akawa askofu mkuu wa Canterbury na pia jaji mkuu, yaani kanisa na serikali vyote kwake.

Sasa kitu kinachonifurahisha zaidi ni cha 1195. Watu wawili wakimaliza kesi ya ardhi mbele ya majaji wa mfalme, makubaliano yalikuwa yanaandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, inakatwa kila mtu anaondoka na chake, basi. Hubert akasema yaandikwe mara tatu, ile ya tatu iwe chini kabisa ya ngozi, na ikatwe kwa mstari wa kupindapinda halafu ibaki hazina ya mfalme. Mtu akighushi cha kwake unavileta vipande pamoja, visipoingiliana umemkamata! Utaratibu huu uliendelea mpaka miaka ya 1830 na maelfu ya vipande hivyo bado vimehifadhiwa London, leo tunajua mashamba ya wakulima wa kawaida wa karne ya 13 sababu ya huyu mtu.

Kuna pabaya pia. 1196 William FitzOsbert alisimama London kutetea maskini kuhusu kodi, akakimbilia kanisa la St Mary-le-Bow, watu wa Hubert wakalichoma moto ili atoke, wakamnyonga. Askofu mkuu kuchoma kanisa, tena lililokuwa la watawa wake mwenyewe wa Canterbury, hapo siwezi kumtetea hata kidogo. Watawa wakamshtaki kwa Papa, na 1198 akaachia ujaji mkuu.

Ila 1199 akamvika John taji na kuwa chansela wake, yaani mkuu wa ofisi ya hati za mfalme, na humo humo ofisi hiyo ikaanza kunakili hati za mfalme kwenye magombo makubwa, kopi tena. Akafa Julai 1205 akiwa bado kazini, John na watawa wakaanza kugombania nani amrithi, Papa akamweka Stephen Langton, John akakataa, na kufikia 1208 makanisa ya Uingereza nzima yalikuwa yamefungiwa ibada.