Sipro, azuma au sindano: nilivyomuuguza mdogo wangu taifodi

Hapa Nkuhungu, Dodoma, ukisema una mgonjwa wa taifodi, kila jirani ana dawa yake. Mama mwenye nyumba alishikilia sindano: "Mwanangu, vidonge vinamchelewesha tu, mpeleke akachomwe." Kijana wa duka la dawa alitaka kunipa sipro, yaani vidonge vya siprofloksasini. Dada yangu akatuma ujumbe: azuma, yaani azithromaisini. Ugumu ni kwamba zote tatu zinatibu taifodi kweli.

Zahanati walikuwa wamempima Widal, kipimo cha damu cha taifodi, ikasoma chanya. Daktari tuliyemwona baadaye hospitali hakuitegemea, maana kipimo hicho hutafuta kinga za mwili, na kinga hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za maradhi mengine kabisa. Akampima malaria, kisha akachukua damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla mgonjwa hajameza dawa ya taifodi. Ukishaanza dawa, vijidudu vinaweza visiote hata kama vimo.

Nikamuuliza, kwa nini si sipro? Akasema kidudu kikiwa bado kinaisikia, sipro ni dawa nzuri sana: mtu mzima humeza miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Shida ni usugu. Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi mwaka 1948, ikaja kushindwa sehemu nyingi za dunia, na sipro nayo inafuata njia hiyohiyo. Mdogo wangu alikuwa ametoka kumeza sipro ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo (nani Dodoma hajawahi kuambiwa ana UTI?), kwa hiyo daktari akaenda na azuma, mara moja kwa siku kwa siku 7. Dawa hii hupenya ndani ya seli, na humo ndimo kidudu cha taifodi hujificha. Seftriaksoni, ile sindano ya mama mwenye nyumba, aliiweka akiba endapo mgonjwa angetapika kila kitu au kuzidiwa.

Bahasha ya dawa ilikuwa na vidonge viwili vya siku ya kwanza, kisha 1x1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Nyuma ya bahasha nikachora visanduku: tiki ya kidonge, na pembeni joto la asubuhi na la jioni. Tiki zikawa zinaongezeka na jioni kipimajoto bado kinagonga nyuzi 39. Hapa ndipo wengi hubadilisha dawa, na mimi nilisumbuliwa sana nibadilishe. Lakini kwa azithromaisini, hata kwa seftriaksoni, homa huweza kukaa siku kadhaa huku dawa inafanya kazi. Nilichoangalia ni kama joto la jioni linapungua kidogokidogo, kama anakunywa, kama anakojoa. Tumbo likikakamaa, maumivu makali yakija ghafla au damu ikionekana chooni, tungeondoka usiku huohuo, kwa sababu taifodi huweza kutoboa utumbo.

Majibu ya kuotesha yalitoka homa ikiwa imeanza kulegea. Mbele ya sipro paliandikwa R, sugu. Mbele ya azithromaisini, S, yaani kidudu kinaisikia. Mama mwenye nyumba aliitazama ile karatasi, akauliza sindano imepata herufi gani. S pia. Akaridhika.

Dozi aliimaliza hata alipoanza kudai ugali. Wiki zilizofuata niliendelea kumpima joto, kwani taifodi huweza kurudi baada ya dawa kwisha, na kupikia wengine nilimkataza kwa muda, maana kidudu huendelea kutoka na choo. Katazo hilo la mwisho hakulilalamikia hata kidogo.