Bustani ya Kibada: nyasi zimeshika, hesabu na fundi bado

Haya, mrejesho wa uwanja. Nyumba ipo Kibada, Kigamboni, tulihamia huku nje kukiwa mchanga mtupu na mabaki ya ujenzi, upepo ukivuma mchanga unaingia mpaka kwenye sufuria, mvua ikinyesha maji ya bati yanachimba mfereji chini ya ukuta. Mbele ni kama mita 12 kwa 9, pembeni kuna kaukanda kembamba kanakoishia kwenye chemba ya maji taka. Nilichotaka ni nyasi, miti ya matunda miwili mitatu na kivuli pa kuweka viti jioni. Basi.

Februari, kutafuta fundi

Nilitaka kazi ianze kabla ya masika ili mvua inisaidie kumwagilia. Wa kwanza alikuja na boda, akapiga picha akiwa getini, akataja milioni mbili na nusu. Namuuliza nyasi gani, ananiambia "zile nzuri nzuri za mahotelini". Haya asante kaka, nitakucheki. Wa pili ana kitalu ng'ambo ya daraja, simu yake imejaa picha za bustani kali kwelikweli, ila kila kitu lazima kitoke kwake, juu yake gari, juu yake tozo ya daraja, na mbolea yenyewe hataki niione mpaka imwagwe uwanjani.

Wa tatu ana kitalu kadogo tu hapa barabarani. Kaja kwa miguu, hajataja hela, swali lake la kwanza: "Dada, maji ni ya DAWASA au ya kisima?" Nikamwambia kisima. Akafungua bomba, akaonja, akatema. "Haya yana chumvi." Afu akachimba shimo la kama futi moja, akamwaga ndoo ya maji, yakapotea hata hajamaliza kupangusa mikono. Ndo akaanza sasa kuongelea nyasi. Zile nilizokuwa nimezitunza kwenye simu akazikataa zote, akasema hapa ni paspalamu tu, maana asili yake ni pwani, chumvi inaivumilia. Hapo hapo nikajua kazi ni yake, hawa wengine walikuwa wananiuzia picha.

Makubaliano: vifaa nanunua mwenyewe yeye akiwepo, ufundi nalipa kwa awamu tatu. Mi nilitaka awamu ya mwisho nilipe nyasi zikishafunika uwanja wote, akacheka, "sasa dada mvua ikigoma na mimi nisile?" Kiukweli ana hoja. Tukakubaliana nitalipa zikishashika, yaani ukivuta kwa mkono zinagoma kutoka. Tukaandika kwenye kaunta buku, wote tukasaini, nikapiga picha nikamtumia WhatsApp. Nashauri sana hii ya kuandika, hata kama fundi ni shemeji yako.

Machi, udongo

Hii ndo sehemu iliyokula hela na muda. Kwanza kuokota vipande vya zege, vigae, misumari, mifuko ya saruji iliyoganda ambayo mafundi ujenzi walifukia wakajua hatutaona. Afu ikaja ishu ya udongo. Dereva mmoja wa Fuso alikuwa na udongo mweusi wa bondeni, bei ya kutupa, mi nishatoa simu nilipe, fundi akachota kiganja akapekua akatoa vitunguu vidogo vyeusi. Ndago, lile gugu! Akamrudisha dereva na mzigo wake. Ndago ukiilima kwa jembe ndo unaisambaza, maana vile vitunguu vinaachana na kila kimoja kinaota kivyake, ukishapanda nyasi juu yake ushaumia. Tukachukua udongo mwekundu, ghali zaidi, tukachanganya na samadi ya ng'ombe. Na samadi nayo anachagua, anazamisha mkono katikati ya lundo, kama kuna joto anasema bado, itaunguza mizizi.

Kusawazisha alitumia kamba na ule mpira wa maji wa waashi. Kila mita moja kutoka ukutani uwanja unashuka sentimita 2 kwenda nje, kwa macho huoni kitu ila mvua inaona. Chini ya bati akaweka mstari wa kokoto. Nyasi zilikuja na guta ndani ya viroba, wakazichambua vipande vipande na kupanda kwa mistari, kama sentimita 15 toka kimoja mpaka kingine. Siku ya kwanza uwanja ulionekana kama kichwa kilichonyolewa vibaya, mume wangu akauliza hela yote imeenda hapo?

Kwenye miti tulibishana. Nilitaka ule mti mwavuli karibu na chemba ili kivuli kiwe usawa wa jikoni. Akakataa katakata, mizizi yake inatambaa juu juu, itakuja kunyanyua peving na kusumbua chemba. Umeenda kona ya mbali, pale kwenye chemba tukaweka mchaichai na alovera. Mwembe ni wa kubebeshwa, yaani wa kuunganishwa, shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu umewekwa kando, ukachanganywa na debe la samadi ukarudi wa kwanza, na pale palipounganishwa pamebaki juu ya udongo. Ndimu hivyo hivyo.

Aprili

Mvua zilikuja na hasira. Kokoto zimefanya kazi yake, mfereji haujarudi, ila upande wa geti maji ya barabarani yaliingia yakazoa mistari kadhaa. Fundi kaja kupanda upya bila kudai kitu. Afu huyo huyo akapotea, simu haipatikani, kumbe kapata kazi kubwa Mjimwema. Nilikasirika jamani. Karudi na miche ya bogenvilia mkononi, "dada samahani", nikaipokea nikanuna kidogo nikamwonyesha pa kuipanda.

Mei mpaka sasa

Tulivuta nyasi pamoja, zikagoma, nikamlipa awamu ya mwisho siku hiyo hiyo. Sa hivi zimefunika karibu kote isipokuwa ile sehemu ya geti na pale watoto wanapochezea mpira. Kukata kwa mara ya kwanza alitumia mkasi mkubwa, anasema usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Sehemu moja ilikuwa ya njano, akaweka urea kiduchu na kumwagia maji hapo hapo isije kuunguza. Maji ya kisima tunamwaga mengi kwa mkupuo asubuhi, siyo kidogo kidogo kila saa, ili chumvi isukumwe chini badala ya kubaki juu. Maji ya mvua ya kwenye simtanki ni ya mwembe na ndimu tu.

Kilichobaki ni matunzo ya kila mwezi. Yeye anataka elfu sitini, aje mara moja kwa wiki. Mi nimefika arobaini na chai. Jana kashuka hamsini na tano, kasema mkasi wa kukatia ninunue mimi.