Ugomvi wa Skrini Ngamiani

Mwaka 2006 nilikuwa mchapaji katika duka la steshenari pale Ngamiani, Tanga, ambako tulichapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi kwa kompyuta moja ya Windows XP. Tulikuwa watatu tukipokezana zamu, na kilichotugombanisha ni sura ya skrini.

Mwenzetu wa asubuhi alikuwa mtu wa mzaha, ambaye baadhi ya wateja walimfuata kwa ajili ya soga tu. Ungedhani angependa marangirangi. Kumbe alirudisha ule muonekano wa kijivu wa Windows za zamani, akapanga ikoni safu moja upande wa kushoto, na ikisogezwa hata moja hununa. Dada wa jioni, mpole asiyepaza sauti hata akidaiwa chenji, alichagua kijani cha zeituni, akaweka mshale ambao kompyuta ikikusubirisha hugeuka dinosari anayetembea, na picha ya nyuma aliibadilisha kila alipojisikia. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba uchangamfu wa mtu huamua rangi za skrini yake. Wanasaikolojia wanaopima haiba kwa sifa tano hutenganisha uchangamfu na hamu ya mambo mapya, na wenzangu wale wawili walinionyesha sababu.

Siku moja mteja alifuata kadi zake, faili halikuonekana kwa kuwa ikoni zilikuwa zimehamishwa jioni, na tajiri akafoka mbele ya watu. Aliamuru skrini irudi kama ilivyotoka kiwandani, yaani utepe wa buluu na kile kilima cha kijani ambacho wateja walibishana kama ni cha Lushoto au Mlalo, ingawa Charles O'Rear alikipiga picha Sonoma, California, mwaka 1996.

Nilimweleza tajiri kwamba XP humruhusu kila mtumiaji kuwa na akaunti yenye muonekano wake, na kwamba kazi za wateja zingekaa kwenye folda ya pamoja. Alikubali, nadhani kwa sababu hakutakiwa kulipa chochote. Jioni ileile akaniita pembeni, akaomba na yeye atengenezewe ya kwake: kilima kibaki, herufi ziwe kubwa, jambo ambalo ni la macho wala si la haiba, na nenosiri tusilijue.